Fundi Aliyeacha Sindano

Siku wanakwaya walipokuja kujaribu sare zao, mwenyekiti wao alibanwa na gauni mpaka akashindwa kukaa. Alisimama katikati ya chumba cha kushonea, mikono ameitenga na mwili kama mtu aliyebeba ndoo mbili, akawa anapumua kwa juu juu. Zipu ilipanda hadi kiunoni ikagoma. Nyuma yake fundi alikuwa amepiga magoti, anaivuta kwa vidole viwili huku akiomba kimoyomoyo.

“Jibane kidogo, mama,” alisema fundi.

“Nikijibana zaidi ya hapa nitazimia,” mwenyekiti akajibu. “Fundi, hili gauni ni la nani?”

“Ni lako.”

“Langu mimi, au la mjukuu wangu?”

Wenzake wakacheka, lakini kicheko kilikatika upesi, kwa maana kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alishindwa kuinua mkono. Mwingine alisikia kwapa likiachia uzi, akaganda alipo kama aliyekanyaga kioo. Hata yule mwembamba wa sauti ya kwanza, ambaye nguo yoyote humtosha, alikuwa akivuta kitambaa kifuani kisimbane. Gauni moja likikosewa, fundi husingizia mkasi. Hapa yalikuwa yamekosewa yote.

Fundi huyu watu walimwita Mama Kipimo, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuwa na desturi ya kupima. Alikuwa mwanamke mnene, akishonea wanawake wanene wenzake, wengi wao waliochoka kuzungushiwa utepe kiunoni na kutangaziwa namba mbele ya watu. Yeye alimtazama mteja tangu mlangoni, akasema, “Wewe ni mimi ukitoa vidole viwili nyongani,” kisha akajifunga kitambaa mwilini mwake mwenyewe, akabana pini, akakata. Nguo ilitoka inakaa kama imemiminwa. Wateja walisema kwamba kwa Mama Kipimo hupimwi, unaonwa tu.

Lakini mwaka ule mwili wake ulikuwa unaondoka. Daktari alimwandikia sindano ya kalamu ya mara moja kwa wiki pamoja na vidonge, kwa ajili ya kisukari, na sindano hiyo ilimpunguzia sukari na unene pia. Mwanzoni alifurahi. Magoti yaliacha kumuuma, ngazi alipanda bila kusimama. Kitu ambacho hakukifikiria ni kazi yake. Aliendelea kusema “wewe ni mimi ukitoa vidole viwili”, na huyo “mimi” alikuwa amepungua bila kuaga.

Mwenyekiti alivua gauni nyuma ya pazia, akatoka akifunga kitambaa chake cha kichwa. Akamsogelea fundi, akashusha sauti, ingawa haikushuka sana.

“Nikuulize kama dada yako. Unaumwa nini?”

“Siumwi.”

“Mtu hapungui nusu nzima hivi hivi, fundi. Watu wanasema.”

“Wanasema nini?”

“Wewe unajua watu wanavyosema mtu akikonda.” Akamtazama mikono, kisha shingo. “Sisi tunaimba mwisho wa mwezi ujao. Kitambaa cha akiba unacho, shona upya. Ukiona mwili hauruhusu, tuambie mapema tuchukue chetu. Hatutakulaumu.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Angelaumiwa angejitetea.

Walipoondoka, binti yake, aliyekuwa akishona kwa cherehani ya pili, alizima mashine.

“Mama, tuwapime tu, yaishe.”

“Nikianza kupima, watanifuata mimi kwa lipi? Mafundi wa kupima wamejaa kila kona.”

“Basi waambie una sukari. Afadhali wajue hiyo kuliko hiyo nyingine wanayoifikiria.”

“Nani anampa mgonjwa kazi yenye tarehe?” mama akauliza. Binti akawasha mashine.

*

Muuza vitambaa alikuwa shoga yake tangu ujana, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kupima kitambaa kwa kukivuta kutoka puani hadi ncha ya vidole. Mwaka uliotangulia, kabla ya harusi ya mwanawe, naye alijidunga kalamu kama ile. Fundi alilijua hilo. Lakini ugonjwa wake mwenyewe hakuwahi kumwambia, na shoga alidhani wote wawili walikuwa wanatafuta kiuno.

“Wewe ile sindano uliiachaje?” fundi aliuliza, akijifanya kuchagua uzi.

“Niliiachaje? Kama mtu anavyoacha kwenda mahali. Wiki ile sikujidunga, na iliyofuata sikujidunga. Basi.”

“Hukuumwa?”

“Niliumwa njaa, shoga yangu! Nilikula mpaka mume wangu akaanza kuficha mkate. Na ona matokeo.” Akajipiga nyonga zote mbili kwa viganja. “Vyote vimerudi, na nyongeza juu. Kwani wewe umechoka nayo?”

“Nimechoka kuulizwa kama naumwa.”

“Hapo umesema kweli. Uso umekukauka, usinichukie. Iache, ule, urudi kuwa mtu. Mimi nimeacha na niko hapa nauza.”

“Kalamu yako ilikuwa ile ile kama yangu?”

“Ile ile. Boksi lile lile.”

Fundi hakutaka kusikia zaidi. Alikuwa amekuja kutafuta ruhusa, na ameipata kwa mtu asiye na mamlaka ya kuitoa. Akiwa njiani alikumbuka kwamba hata vile vidonge vilikuwa vikimkata hamu ya kula. Alipofika nyumbani, aliacha vyote kwa pamoja.

*

Alianza kula kwa bidii, kama mtu aliyepewa kazi. Alikula wali wa jana asubuhi, akala maandazi kati ya gauni moja na jingine. Mume wake, fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache aliyerudi jioni na harufu ya gesi na mafuta kwenye nguo, aliona sahani zinarudi tupu, akafurahi.

“Leo umekula kama zamani,” alisema.

“Hamu imerudi.”

Kesho yake alimletea soda mbili baridi, akaziweka mezani kwa fahari. Alikuwa ameteseka kimya kwa miezi. Kazini kwake mwenzake mmoja alikwisha kumshika bega na kumwambia, “Pole na mama nyumbani,” kwa sauti ya msibani. Alikaa akamtazama mke wake anakunywa soda zote mbili, moyo ukatulia.

Kilo zilirudi kidogo, au alidhani zimerudi. Alikata gauni la mwenyekiti upya kwa kubahatisha, akaongeza vidole, akaongeza tena. Kisha kiu ikaanza. Alikunywa maji kwa jagi, akaenda msalani, akarudi kunywa. Sketi aliyoikaza kwa pini ilianza kuteleza tena. Hapo ndipo hofu ilipomshika, kwa sababu hesabu yake haikukubali: aliacha dawa ili anenepe, anakula kama watu wawili, na bado anakonda. Alijipa jibu kwamba hali vya kutosha. Akaongeza soda.

Siku moja alimsukumia binti sindano ya mkono na uzi.

“Nitungie. Taa ya humu imefifia.”

Binti alitazama dirisha. Ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani. Alitunga uzi, na tangu hapo akawa anamtazama mama yake anavyoshikilia ukingo wa meza kabla ya kusimama, na anavyolala kwenye kiti mchana, mdomo wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Mama, sukari yako unaipima?”

“Kile kipimo betri imekufa.”

“Nipe nikanunue.”

“Shona, mwanangu. Tarehe inakaribia.”

*

Jumapili mume aliamua kubadilisha mpira wa mlango wa friji lao, kazi aliyokuwa akiiahirisha kwa sababu fundi huchelewa kutengeneza chake. Alitoa kila kitu, akakipanga mezani: maji, nyanya, mabaki ya wali. Kwenye rafu ya mayai akakuta maboksi ya kalamu. Alilichukua moja, akaligeuza. Karatasi ya kufungia ilikuwa haijachanwa. Akachukua la pili. Na lingine.

Mke wake alikuwa amejilaza kwenye kochi.

“Hizi ni za lini?”

Mke alivuta kanga mpaka kidevuni.

“Nakuuliza, mama. Kila Jumapili naona unaingia chumbani, unasema unakwenda kujidunga. Unakwenda kujidunga nini?”

“Nimeziacha.”

“Daktari amekwambia uache?”

“Mwili ni wangu.”

“Sijasema ni wangu. Nimeuliza daktari amekwambia?”

Mume akavuta kiti akakaa, bisibisi bado iko mkononi. Alikuwa na hasira, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira, na hakuwa na mazoea ya kuonyesha hata moja kati ya hizo.

“Friji likizimwa halipigi kelele,” alisema. “Mwenye nyumba anaweza kukaa siku nzima anadhani linafanya kazi. Anakuja kujua akifungua. Na mimi ninakuletea soda! Mkono wangu mwenyewe!”

“Hukujua.”

“Ndiyo nasema sikujua!” Akasimama, akachana boksi. “Haya, jidunge sasa hivi. Jidunge mbili, tufidie zile zilizopita.”

“Baba, weka chini!” Binti alikuwa mlangoni, ametoka kuanika nguo. “Huwezi kufidia dawa kama unavyofidia gesi. Weka chini hiyo.”

“Akae hivi hivi?”

“Asikae. Twende hospitali.”

“Kesho,” alisema mama yao. “Kesho asubuhi, nikimaliza mikono ya yule...” Hakumaliza sentensi. Aliinuka nusu, akatapika sakafuni, akabaki ameinama, anavuta pumzi ndefu na nzito kama mtu aliyetoka kukimbia, ilhali hakuwa ametoka hata chumbani. Mume alimshika mabega. Yalikuwa mabega madogo. Alikwenda kugonga kwa jirani mwenye gari akiwa peku, na bisibisi ile ile mkononi.

*

Muuguzi alimtoboa kidole, akaweka damu kwenye kipimo, wote wanne wakakitazama. Hakikuonyesha namba. Kiliandika tu kwamba sukari iko juu kuliko kinavyoweza kusoma. Muuguzi hakubadilisha uso, ila alianza kutembea haraka, na mume aliogopa ile haraka zaidi kuliko angeogopa namba.

Wakaweka dripu, wakachukua damu nyingine na mkojo, wakaleta insulini. Mtu mmoja alimwambia mume ahame alipo. Akahama. Mwingine akamwambia pale pia anazuia njia. Akaenda kusimama ukutani karibu na beseni la kunawia, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Binti alikaa kwenye benchi akijibu maswali: alianza lini kuacha, aliacha zipi. Alijibu “sijui” mara nyingi mpaka akaona aibu, maana anaishi na mama yake, anashona naye chumba kimoja.

“Atapona?” baba aliuliza.

“Wamesema tusubiri.”

“Nimekuuliza atapona?”

“Baba, na mimi sijui.”

Daktari wa kisukari alikuja kuongea nao siku ya pili, mgonjwa alipoweza kukaa na kunywa uji usio na sukari. Alikuwa mwanamke wa makamo. Akavuta kiti karibu na kitanda.

“Mama, nani alikushauri uache?”

“Hakuna.”

“Mama,” binti akasema.

“Shoga yangu. Yeye aliacha kalamu hiyo hiyo na hakupatwa na kitu.”

“Shoga yako alikuwa na kisukari?”

Fundi alivuta shuka hadi kifuani.

“Alikuwa anapunguza unene,” daktari akamalizia mwenyewe. “Akiiacha, unarudi unene wake. Wewe ukiiacha, unarudi ugonjwa wako. Na uliacha na vidonge siku hiyo hiyo. Sukari ikikosa njia ya kuingia mwilini, inabaki kwenye damu, na mwili unaanza kujila wenyewe. Ndiyo maana ulikuwa unakula na unakonda.”

“Nilidhani sijala vya kutosha.”

“Najua. Wengi hudhani hivyo.” “Dawa hii ya kalamu inaachika. Kuna watu inaowatapisha wasiweze kuendelea, kuna wasioipata, kuna waliochoka. Ungekuja ukaniambia umechoka, tungeiacha pamoja. Tungepanga kwanza nini kitashika nafasi yake, upime sukari nyumbani asubuhi na jioni, nikuone baada ya wiki. Hapo mtu anaacha salama.”

“Na zile za kwenye friji?” mume aliuliza. “Aendelee alipoishia?”

“Hapana. Amekaa bila hiyo muda mrefu. Akirudia dozi ile kubwa tumbo litamsumbua vibaya. Akiamua kurudi, anaanza chini kabisa. Na kamwe msijidunge mbili kufidia.”

Mume alitazama vidole vyake vya miguu. Binti hakusema kitu, na baba akamshukuru moyoni kwa hilo.

Daktari akamgeukia mgonjwa. “Sasa niambie. Wewe unataka nini?”

Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo tangu ugonjwa uanze.

“Sitaki ile inayonikondesha. Nakata nguo kwa mwili wangu, daktari. Nataka nikiamka nijue mwili wangu ukoje.”

“Tunaweza kuiweka pembeni. Utabaki na vidonge na insulini, na tutapima. Insulini huenda ikakurudishia kilo. Lakini usizikimbilie, presha yako siipendi. Na siwezi kukuahidi kwamba utarudi kuwa yule wa zamani.”

“Nitakuwa nani basi?”

“Hilo sijui, mama. Tutaona.”

Hakufurahi. Alikuwa ametumaini kwamba hospitali, baada ya kumtisha kiasi kile, ingemrudishia angalau kipimo chake.

*

Nyumbani kila kitu kilikuwa na saa yake. Mume alinunua betri, akajifunza kutoboa kidole bila kuumiza, akawa anasoma sukari kwa sauti kana kwamba anasoma habari. Asubuhi moja ilikuwa juu, nyingine nzuri, siku moja ikashuka mpaka mke wake akatetemeka na kutoka jasho, wakampa juisi, baba na binti wakakaa wakimtazama mpaka rangi ikarudi. Hakuna aliyelala vizuri wiki ile. Soda hakuzileta tena, ila moja ya dharura sukari ikishuka, ambayo aliificha kana kwamba ni pombe.

Muuza vitambaa alikuja kuona mgonjwa, akasimama mlangoni.

“Ungeniambia una sukari, mbona ningefunga mdomo wangu?”

“Usingefunga,” fundi alisema.

“Ni kweli, nisingefunga. Lakini ningesema kingine.” Akaja akakaa kitandani, akalia, na fundi ndiye aliyembembeleza.

Magauni yalibaki yalivyo, nusu yamefumuliwa. Ijumaa mwenyekiti wa kwaya alifika na wenzake watatu, wamevaa vizuri kupita kiasi, kama watu waliokubaliana njiani nini cha kusema.

“Tumesikia ulilazwa,” alianza. “Pole sana. Tumeonelea tusikubebeshe mzigo. Tuchukue kitambaa, wewe upumzike.”

“Mtampa nani?”

“Kuna kijana mmoja karibu na kanisa.”

Kitambaa kilikuwa kimekunjwa kwenye kiti. Binti alishakishika kuwapa. Fundi alitazama kile kitambaa kinavyoinuka, na akaona kwamba kikitoka mlangoni, kwaya itatoka nacho, na baada ya kwaya watatoka wengine.

“Kiache hapo,” alimwambia binti. Kisha kwa wageni: “Kaeni. Nina kisukari. Siku zote mlizoniuliza, ndicho nilichokuwa nacho. Dawa ilinikondesha, nikakosea magauni yenu, nikaacha dawa ili ninenepe niwashonee. Karibu nife. Sasa natumia nyingine. Hiyo ndiyo habari yote, na mnaweza kuipeleka popote mnapopelekaga nyingine.”

Mmoja wa wale wanawake aliinama kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na hakukuwa na kitu. Mwenyekiti alifuta midomo kwa kitambaa cha mkono.

“Mimi sikusema lile,” alisema. “Nilisikia, nikanyamaza.”

“Haya.”

“Si haya. Nilipaswa kukukingia kifua.” Akakohoa. “Na sasa utatushoneaje? Kwa mwili upi?”

“Kwa miili yenu. Nitawapima mmoja mmoja.”

Kimya kilichofuata binti alikijua. Ni kimya cha wanawake kwenye mlango wa chumba cha mizani. Walikuwa wamekuja kwa fundi huyu miaka yote ili siku hiyo isifike. Mwembamba wa sauti ya kwanza alitazama dari. Mwenyekiti alizitazama nyonga zake mwenyewe, kisha mikono ya fundi, iliyokuwa bado na alama za sindano za dripu, michubuko ya zambarau juu ya mishipa.

“Tokeni nje,” aliwaambia wenzake.

“Sisi?”

“Nyote. Na wewe binti. Na ufunge mlango.”

Walibaki wawili. Mwenyekiti alivua koti, akalikunja polepole kuliko ilivyohitajika, akainua mikono. Fundi aliupitisha utepe nyuma yake. Hakuwa na mazoea, ukamponyoka, akauokota, akaupitisha tena, mashavu yao yakakaribia kugusana. Macho yake yalikuwa bado hayajatulia, ilimbidi alisogelee tumbo la mwenzake na kukaza jicho ili aisome namba. Aliisoma, akaiandika, akageuza karatasi.

“Ni ngapi?” mwenyekiti aliuliza, uso umeelekea ukutani.

“Ni ya leo,” alisema fundi. “Geuka, nipime mgongo.”